"Hatuihudumii": Nani Abebe Mzigo wa Kompyuta Isiyo ya Windows Kazini?

Mhandisi ameweka Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows, kwenye kompyuta yake ya mezani, ameiunga kwenye mtandao wa ofisi, sasa anaandika jina na nenosiri. Linakataliwa. Anaandika tena polepole, herufi moja moja. Linakataliwa. Nenosiri halina kasoro, maana asubuhi hiyohiyo amelitumia kwenye mashine ya Windows iliyo meza ya pili. Anapiga simu idara ya TEHAMA na kujibiwa neno moja: "Hatuihudumii."

Kumbe tatizo ni saa. Kerberos, itifaki inayothibitisha utambulisho wa watumiaji ndani ya Active Directory (mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji na kompyuta za ofisi), kwa kawaida haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika 5 kati ya saa ya mashine na saa ya seva. Kompyuta yake iko nyuma kwa dakika 7. Anaielekeza ichukue saa kutoka kwa seva ya ofisi, anajaribu tena, anaingia.

Kisa kama hiki kila upande hukichukua kuwa ushahidi wake. Mtumiaji atasema, mnaona, ilikuwa mstari mmoja tu wa mipangilio. TEHAMA watasema, umeona, nusu siku imeteketea kwa sababu ya saa. Wote wanasema kweli, ndiyo maana mabishano hayaishi. Kwa maoni yangu wanabishania swali lililokwisha kujibiwa zamani, yaani kama Mac (kompyuta ya Apple) au Linux inaweza kukaa kwenye mtandao uliojengwa kwa ajili ya Windows. Inaweza. Lililobaki ni nani ataibeba siku itakapoanguka, na hilo pande zote mbili hulikwepa.

Andrew Tridgell, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Canberra, Australia, alianza mwishoni mwa mwaka 1991 kuandika programu ambayo baadaye iliitwa Samba, kwa kunasa mawasiliano yanayopita kwenye mtandao na kuyasoma hadi akaelewa mashine zinaambiana nini. Tangu hapo kompyuta za jamii ya Unix, ukoo wa mifumo inayofanana na Linux, zimekuwa zikishirikiana folda na za Windows. Toleo la Samba 4.0, lililotoka Desemba 2012, liliweza hata kushika nafasi ya seva kuu ya Active Directory. Mwaka uliofuata Apple nao waliiweka pembeni itifaki yao wenyewe ya kushirikiana faili, na Mac zikaanza kutumia SMB2, yaani lugha ileile ya Windows. Printa mpya nyingi hazihitaji tena draiva ya pekee. Internet Explorer, kivinjari cha zamani cha Microsoft, nayo ilistaafishwa Juni 2022, ikaondoka na kisingizio cha "mfumo wetu unafunguka humo tu".

Kwa hiyo afisa wa TEHAMA anayesema "haitaelewana na mtandao wetu" ameshika hoja iliyochakaa. Wakati mwingine hata kasoro anayoilalamikia imetoka kwake. Iko mitandao mingi ya zamani iliyopewa kikoa (jina la mtandao wa ofisi) kinachoishia na .local. Mac, na Linux nyingi pia, zikiona .local huchukua kuwa ni jina la jirani aliye kwenye mtandao huohuo, basi huita kwa sauti mtandaoni badala ya kwenda kuiuliza seva ya DNS, ambayo ndiyo daftari la majina ya mtandao. Seva ipo, jina lipo, na bado hawakutani. Lawama itaangukia Mac, ilhali aliyekibatiza kikoa hicho pengine aliacha kazi miaka mingi iliyopita.

Lakini watetezi wa mashine mbadala nao wana hoja zao za mkato. Wanayoipenda zaidi ni ya IBM. Kampuni hiyo ilianza kuwapa wafanyakazi wake Mac kwa wingi mwaka 2015, na mwaka uliofuata ikatangaza kwamba kila Mac iliiokolea kati ya dola 273 na 543 kwa miaka minne ikilinganishwa na kompyuta ya Windows. Ilisema pia kwamba asilimia 5 tu ya watumiaji wa Mac walipiga simu kuomba msaada, dhidi ya asilimia 40 ya wale wa Windows. Takwimu tamu. Ila wale waliopewa Mac walizichagua wenyewe, na anayechagua chombo huwa tayari anakijua, au yuko radhi kuhangaika nacho kimyakimya kuliko kukiri kwamba alikosea. Na tangu 2014 IBM na Apple walikuwa washirika wa kibiashara. Sisemi takwimu ni za uongo. Nasema IBM haikuokoa fedha kwa kumwacha kila mtu aje na mashine yake, bali kwa kujenga utaratibu ambao mfanyakazi anafungua boksi, anaiwasha kompyuta, nayo inajisajili na kujipanga yenyewe. Hicho ndicho kipande ambacho wanaonukuu takwimu hizo hukiruka.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtumiaji anapoiona Linux yake inafanya kazi, anaona amemaliza. Idara ya TEHAMA inaona orodha: je, masasisho ya usalama yanaingia? Diski imefungwa kwa usimbaji, na ufunguo wa kuifungua uko wapi mwenyewe akiugua? Mkaguzi akiuliza mashine ngapi ziko mtandaoni, hii itahesabiwa? Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea kupitia udhaifu wa SMB toleo la 1 kwenye Windows, na kiraka cha kuuziba kilikuwa kimetolewa Machi, miezi miwili kabla. Waathirika wengi walikuwa na mashine ambazo hazikupata kiraka kile. Mtetezi wa Linux atacheka kwamba ule ulikuwa ugonjwa wa Windows. Ni kweli, lakini aliyeumia hasa ni mwenye mashine isiyo na mtu wa kuitazama, na kompyuta iliyoingizwa kimyakimya chini ya meza ni ya namna hiyohiyo, iwe na mfumo gani.

Ndipo ninapoukosoa msimamo wa "hatuihudumii". Haumzuii mtu. Unamfundisha kutosema. Aliyekatazwa atakuja na mashine yake hivyohivyo, na atanakili kazi kwenye diski ya mfukoni au kujitumia kwa barua pepe binafsi.

Kwa taasisi nzima, mifano miwili ya Ulaya inaeleza mengi. Mji wa Munich, Ujerumani, uliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na kufikia 2013 ulikuwa umehamisha karibu kompyuta 15,000. Mwaka 2017 baraza la mji likapiga kura kurudi Windows. Mashine zilikuwa zinafanya kazi. Kilichouchosha mradi ni nyaraka zilizofika kutoka nje zikiwa zimevurugika mpangilio, malalamiko ya watumishi, na meya mpya asiyeupenda. Polisi wa Gendarmerie nchini Ufaransa walienda kwa mpangilio mwingine. Walianza 2005 kwa kubadilisha programu za ofisi tu, wakaweka OpenOffice, kisha Firefox ya kuvinjari na Thunderbird ya barua pepe, vyote juu ya Windows ileile. Watu walipozoea, ndipo kuanzia 2008 wakabadilisha mfumo uliokuwa chini yake, na leo wana makumi ya maelfu ya kompyuta za Linux. Kilichowaudhi watu Munich kilikuwa programu na nyaraka, na Wafaransa walianza na hapo hapo.

Upepo nao umebadilika. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo kompyuta nyingi nzima kabisa hazina, au zina prosesa isiyokubaliwa. Kwa hiyo anayeileta Linux mezani siku hizi huenda akawa mhasibu mkuu aliyeona bei ya mashine mpya. (Mhandisi wetu wa mwanzo hatakosa kucheka.)

Mimi ningemkubalia anayekuja na mambo manne mkononi: mashine imeandikwa kwenye daftari la mali, diski imesimbwa na ufunguo umekabidhiwa, masasisho yanaingia yenyewe, na yupo mtu wa pili anayeujua mfumo huo. La nne ndilo gumu. Ofisi nyingi zina mpenzi mmoja tu wa Linux, na akiondoka anaacha mashine ambayo hakuna anayejua hata nenosiri lake la msimamizi.

Na yupo ambaye ningemkatalia bila aibu. Mtu wa mishahara ambaye faili lake la Excel lina makro (amri ndogo zinazojiendesha ndani ya faili) zilizoandikwa miaka kumi iliyopita, ambazo hakuna aliye hai ofisini anayejua zinafanyaje kazi. Huyo aachwe na Windows yake hadi mtu akae chini aziandike upya, na pengine huo mwaka haufiki.