Karatasi ya Arizona na gobore la Urambo

Hapa Arizona mtu ambaye hajawahi kushika bunduki maishani anaweza kuingia kwenye uwanja wa shabaha, akakodi silaha kama tunavyokodi baiskeli kwetu Urambo, mkoani Tabora, na baada ya muda mfupi akawa anafyatua. Kinachotangulia ni karatasi. Wenzangu wa kazini waliponipeleka niliisoma yote huku wananicheka, maana mimi ni mtoto wa karani wa mahakama ya mwanzo, sisaini nisichokisoma. Kwa ufupi ilisema hivi: nikipigwa risasi, nikampiga mtu au nikafa, ndugu zangu wasije kudai.

Nilisaini, kama wote. Ila karatasi ile haina nguvu kama inavyojifanya. Katika majimbo mengi inazuia madai ya uzembe wa kawaida, lakini uzembe uliokithiri unabaki shingoni mwa mwenye uwanja. Wasainio wengi hawalijui hilo, na sidhani mwenye uwanja ana haraka ya kuwaambia.

Taratibu za ndani, haki yao niwape, ni nzuri. Mtutu unatazama mbele muda wote. Kidole hakigusi triga mpaka umelenga. Kila bunduki ihesabike ina risasi, hata kama umezitoa mwenyewe sasa hivi. Msimamizi akipaza sauti ya kusimamisha, wote wanaweka silaha chini na kurudi nyuma ya mstari. Waliopita JKT hawataona jipya hapo. Kwetu ukigeuka na bunduki mkononi, afande anaanza na teke, maelezo yanafuata.

Pamoja na hayo, tarehe 25 Agosti 2014, huko White Hills, Arizona hii hii, binti wa miaka tisa alipewa Uzi, bunduki fupi inayoweza kufyatua risasi mfululizo. Alianza na risasi moja, kisha mkufunzi akaiweka ifyatue mfululizo. Ikamshinda mikono, ikanyanyuka, risasi ikampata mkufunzi kichwani. Alifariki. Hakuna aliyeshtakiwa, ilihesabiwa ajali ya kazini. Kabla yake, Oktoba 2008, Westfield, Massachusetts, mvulana wa miaka minane alikufa kwenye maonyesho ya bunduki baada ya Uzi ndogo kumnyanyukia na kumpiga risasi mwenyewe. Aliyekuwa akimsimamia alikuwa kijana wa miaka 15! Mkuu wa polisi wa zamani, ambaye kampuni yake ilishiriki kuandaa maonyesho yale, alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Mwaka 2011 jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani likamwachia.

Watu wengi hapa waliwarukia wazazi. Mimi siko upande huo. Mzazi amelipa ili mwanawe asimamiwe na mtu anayejua, na anayejua jinsi Uzi inavyonyanyuka ni yule aliyeitoa kabatini. Mzigo ni wake na wa mwenye uwanja, karatasi au bila karatasi.

Kwetu Tabora hakuna bunduki za kukodi. Kuna gobore. Linalala uvunguni, linatoka nguruwe pori wakianza kuingia kwenye mahindi na karanga. Baruti hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, na likishashindiliwa, kulipakua ni kazi ya hatari, hivyo wengi hulirudisha nyumbani likiwa limeshiba, watoto wakizunguka humo humo. Huko porini nako kichaka kinatikisika, mtu anafyatua, kumbe ni mwenzake.

Sheria tunazo. Ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ni ya 2015. Kanuni ya Adhabu inaruhusu hadi kifungo cha maisha kwa kuua bila kukusudia, uzembe ukiwemo, na inamwachia ambaye kweli lilimtokea jambo nje ya uwezo wake. Mjane na watoto wanaweza kudai fidia mahakamani. Yote hayo yanakwama kabla hayajaanza, kwa sababu gobore halina kibali. Mwenye nalo anaogopa. Aliyeumia anaogopa pia, maana walikuwa kwenye mawindo ya kujiiba. Mwenyekiti wa kitongoji anaogopa kuulizwa siku zote alikuwa wapi. Majeruhi akisikia PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, anasema aliangukia kisiki.

Wazee wanakaa, ng'ombe wanahama boma, yameisha. Sibishi kwamba fidia hiyo inafika mapema kuliko ya mahakama. Swali langu ni nani anawapokea hao ng'ombe, kwa kuwa mara nyingi wanaishia kwa shemeji zake mjane. Na gobore linarudi uvunguni.

Polisi hutangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, na ni jambo jema. Ila msamaha ule ni wa kumiliki. Mwenye gobore lililoshawahi kumwaga damu hatalileta, anajua ataulizwa mengine. Ningekuwa na sauti Dodoma ningeomba kosa la kibali litenganishwe na taarifa ya ajali: anayempeleka majeruhi hospitali siku hiyo hiyo na kusema kweli asishtakiwe kwa gobore, aulizwe tu alifyatuaje. Najua wapo watakaosema nawafungulia majangili mlango. Majangili wa kweli hawabebi majeruhi hadi hospitali.