Digrii kwa kila mchungaji? Mi hapo nasita

Tangu miili ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa ianze kufukuliwa msitu wa Shakahola kule Kilifi, Kenya, Aprili 2023, hadi idadi ikapita 400, nikikaa na watu wakajua mi ni mchungaji swali ni lile lile: hivi nyie mnasomea wapi? Na siwalaumu. Fundi umeme tunamdai leseni, dereva wa bodaboda tunamdai leseni, ila anayemwambia mgonjwa aache dawa hakuna anayemdai hata cheti cha darasa la saba. Rwanda wao walishaamua, sheria yao ya 2018 ikataka viongozi wa dini wawe na digrii ya mambo ya dini, wakapewa miaka mitano ya kusoma, na ukaguzi wa 2024 ukafunga nyumba za ibada zaidi ya 5,000, japo nyingi zilifungwa kwa ajili ya majengo, vyoo na kelele, tusichanganye. Sasa Kenya na huku kwetu wapo wanaosema na sisi tufanye hivyo hivyo.

Niseme ukweli kwanza, kusoma kunasaidia. Mi nilikaa chuo cha Biblia na sijutii hata siku moja. Chukua Yeremia 29:11, ule mstari wa mawazo ya amani wala si ya mabaya, ambao sasa uko kwenye stika za daladala na status za WhatsApp kila Januari. Mhubiri anausimamia anakutangazia gari mwaka huu huu, kumbe mstari wa 10 hapo juu yake unasema watu wakae Babeli miaka 70! Yaani wengi waliousikia mara ya kwanza walizeeka na kufia hukohuko. Aliyefundishwa kusoma sura nzima hawezi kukosea hapo kirahisi, na makosa ya hivyo yameumiza watu, wapo walioacha ARV kwa sababu ya mstari mmoja uliochomolewa Isaya 53, ule wa kwa kupigwa kwake sisi tumepona.

Lakini hii hoja ya digrii ina shimo, na shimo lenyewe linaitwa Kanungu. Machi 2000, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo la ibada milango ikiwa imefungwa, wafuasi wa lile kundi la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Wengi tunamkumbuka Kibwetere, kiongozi wao. Ila mmoja wa viongozi wao alikuwa Dominic Kataribaabo, padri, aliyepita seminari halafu akaenda Marekani akasoma shahada ya uzamili ya masuala ya dini Loyola Marymount kule Los Angeles. Uzamili jamani, sio semina ya siku tatu yenye cheti cha rangi rangi. Kwa kipimo cha Rwanda huyu angepita mlangoni akipigiwa makofi. Mi jina hili linanisumbua kila mjadala huu ukianza, maana nikijiuliza ni somo gani ambalo angeongezewa likamzuia silioni. Alikuwa na somo. Alichokosa ni mtu wa kumwambia padri hapana akasikia, maana kanisa lake lilipomsimamisha yeye alihamia mahali ambapo sauti ya kukatazwa haimfikii.

Ukitoka hapo rudi Shakahola uangalie vizuri. Paul Mackenzie, mhubiri wa hao waliofukuliwa, ambaye kesi yake iko mahakamani na mashtaka ameyakana, alishafikishwa mahakamani huko nyuma mwaka 2017, mojawapo ya mambo ni mafundisho ya kukataza watoto shule. Miaka sita kabla ya makaburi! Serikali ilikuwa naye mkononi ikamwachia. Sasa hapo tatizo ni diploma kweli? Kamati ya Seneti ya Kenya iliyochunguza iliwanyooshea kidole polisi na mahakama, na mi nadhani wamelenga.

Halafu kuna hili linanichekesha na kuniuma. Uamsho wa Afrika Mashariki, ule wa walokole na wimbo wao wa Tukutendereza, ulichimbuka miaka ya 1930 pale Gahini, Rwanda hiyo hiyo, kwenye hospitali ya misheni. Joe Church alikuwa daktari, rafiki yake Simeoni Nsibambi wa Kampala alikuwa mtumishi wa afya, na walioupeleka vijijini wengi wao walikuwa wauguzi, walimu na wakulima wa kawaida. Kwa sheria ya leo wangapi wangefungua kanisa? Si kwamba hawakuwa na vituko, walikuwa navyo, ila walikuwa na desturi ya kutembea nuruni, unakaa kwenye ushirika ndugu yako anakwambia mbele ya wote kwamba hapa umeteleza, na haijalishi we ni nani.

Na vijijini digrii itafanyaje kazi? Kwa Walutheri mchungaji mmoja anashika usharika wenye mitaa kadhaa, Jumapili nyingi anayesimama kwenye mtaa ni mwinjilisti, mzee ana shamba la mahindi na baiskeli, na mtu akifa usiku ndiye wanayemgongea. Umwambie akakae chuo miaka mitatu minne, ada atoe wapi, na nani azike hao watu akiwa darasani? Watakaobaki na uwezo wa kulipa ni walewale wa mjini wenye makamera na walinzi, ambao ndio tulikuwa tunataka kuwabana.

Mi ningedai vitabu vya hesabu vikaguliwe na wazee wa kanisa wenye uwezo wa kumsimamisha mchungaji, na akivunja sheria ya nchi akamatwe kama mtu mwingine, halafu kozi fupi za jioni kwa lugha ambayo watu wanaielewa. Mtaniambia wazee nao wanaogopa upako wa mtumishi wanakaa kimya. Kweli, hilo nalikubali na sina dawa yake kamili.

Kwetu Jumatatu jioni tunakaa kuchambua mahubiri ya jana yake. Mwaka huu Januari na mi nilihubiri Yeremia 29:11, diploma yangu iko ukutani, mwenyewe nilijiona nimewasha moto. Mama mmoja anauza mchicha sokoni, shule aliishia la nne, akafungua Biblia yake taratibu akaniuliza, baba mchungaji, mbona mstari wa kumi umeruka?