Ubatizo usituzuie kusali pamoja
Eti Wakristo wasisali pamoja mpaka wakubaliane kwanza kuhusu ubatizo, ndivyo anavyodai mchungaji mmoja. Sikubali hata kidogo. Hapa Kasulu, Waanglikana, Wasabato na Wapentekoste tunazikana. Akina mama wa makanisa yote wanasonga ugali sufuria moja, na msiba ukiangukia Jumamosi tunasubiri Wasabato watoke ibadani ndipo tuzike. Katika Warumi 14 Paulo anawakataza wanaobishania vyakula na siku wasihukumiane. Lakini Paulo huyohuyo, Wagalatia 1, hana simile na anayehubiri injili nyingine. Kwa hiyo anayekana kwamba Kristo alifufuka hapandi madhabahuni kwetu, ingawa msibani kwake nitakwenda. Tofauti ya kubatizwa kwa kuzamishwa au kunyunyiziwa maji haifiki uzito huo. Nyie wenzangu, mchungaji akiwakataza kusali na jirani, mnafanyaje?