Deni la Leukerbad lilikuwa la nani?

Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Uswisi iliamua kwamba jimbo la Valais halikuwajibika kuwalipa waliokuwa wameikopesha Leukerbad, mji mdogo wa milima ya Alpi unaoishi kwa chemchemi za maji moto na kwa wageni wanaokuja kuteleza kwenye theluji. Wapo wanaouona uamuzi huo kuwa wa kikatili, na nadhani hawautendei haki.

Deni lilifikia takriban faranga milioni 346, na wakazi walikuwa kama 1,500 tu. Ukiligawa, kila mmoja wao, kikongwe na mtoto mchanga, anaangukiwa na zaidi ya faranga 200,000. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu wa fedha, na ilikuwa wazi kwa kila aliyetia sahihi mkataba wa mkopo. Fedha ziliendelea kumiminwa kwa sababu iliaminika kwamba halmashauri ya Uswisi haiwezi kufilisika, kwa kuwa nyuma yake limesimama jimbo. Udhamini huo haukuandikwa popote. Kumtaka mlipa kodi wa bonde jingine, ambaye hakuulizwa wakati mabafu na majengo ya umma yanapangwa, aulipie leo, ni kumpa mkopeshaji faida ya riba na kumwondolea hatari iliyohalalisha riba hiyo.

Upande wa pili una hoja nzito. Jimbo ndilo lililokuwa na wajibu wa kuzisimamia halmashauri, lakini mji ulikuja kuwekwa chini ya uangalizi mwaka 1999, maji yakiwa yamekwisha kufika shingoni. Miongoni mwa waliodai ilikuwepo taasisi ya kukopa kwa pamoja ya halmashauri zenyewe, kwa hiyo hasara iliwagusa pia watu wasio na kosa. Hilo linaniumiza. Hata hivyo uzembe wa msimamizi haumgeuzi kuwa mdhamini wa deni zima.

Wala si haki kuuita mradi wote upuuzi. Chemchemi za Leukerbad hutoa takriban lita milioni 3.9 kwa siku, baadhi zikiwa na joto la nyuzi 51, bila kusubiri theluji ianguke. Rasilimali ya kukopea ilikuwepo. Kilichokosekana ni mkopeshaji wa kuuliza itaweza kulipa kiasi gani, swali ambalo tangu hukumu ile hakuna mwenye fedha anayeweza kulikwepa.