Ukiambiwa "imeandikwa", umeambiwa nini?

Mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu, inapoandika data, draiva ya hifadhi (programu inayoipeleka data kwenye diski) hurudisha sifuri, yaani kazi imekwisha bila kosa. Lakini data imefika wapi? Huenda bado imo kwenye kumbukumbu ya kompyuta mwenyeji, ile inayoiendesha mashine pepe, na umeme ukikatika sasa hivi, imekwenda. Draiva haijadanganya. Kuandika ni amri moja, kuhakikisha data imetua diskini ni amri nyingine. Anayetunga draiva mpya asipolikuta hilo limeandikwa, atakisia.

Hapo ndipo waprogramu huvutana: tabia ya kiolesura, yaani mahali draiva inapokutana na programu nyingine, iandikwe, au anayetaka kujua asome msimbo?

Wanaotetea msimbo si wavivu. Maelezo huchakaa, msimbo hubadilika, maelezo yakabaki yakisema ya zamani kwa kujiamini kulekule. Halafu ukishaiandika tabia, umejifunga nayo. Mgeni, yaani mashine pepe, anaweza kutangaza kwamba vipande fulani vya diski havihitaji tena. Akivisoma baadaye, draiva hii itampa sifuri, ile itampa data ya zamani. Ukiandika "hurudisha sifuri" kwa sababu tu draiva uliyoijaribu ilifanya hivyo, umewatwisha wenzako mzigo ambao hawakuukubali.

Ila naona mfano huo unawasuta wenyewe. Kiwango cha virtio, kanuni za jinsi mashine pepe inavyozungumza na vifaa vyake, kimetenganisha mambo: amri ya kuachilia vipande haiahidi sifuri, na anayezitaka ana amri yake ya kuziandika. Kutoahidi nako kumeandikwa. Kungeachwa kimya, watu wangezoea sifuri, na mazoea yana taabu.

Kisa kinachonielemea zaidi ni cha fsync kwenye Linux, ile amri ya kuhakikisha data imetua diskini. Ikishindwa, kerneli, kiini cha Linux, iliweza kuzihesabu kurasa husika za kumbukumbu kuwa safi, kana kwamba zimeshaandikwa. Ukiita tena, unajibiwa "sawa" ilhali data haikufika diskini. Mwaka 2017 draiva ya mafaili ya QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, ilirekebishwa: pale inapotumia kashe ya mwenyeji (kumbukumbu ya muda ya data), fsync ikishindwa mara moja, maombi yanayofuata nayo yashindwe. Maelezo mafupi yakaachwa humohumo kwenye msimbo. Mwaka 2018 watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL wakagutuka: wao walikuwa wakirudia wito na kuliamini jibu la pili.

Yaani jambo lilishajulikana, ila lilikaa ndani ya draiva moja, mahali ambapo mtunzi wa draiva nyingine hana sababu ya kuchungulia. Kwa hiyo sidai kila kitu kiandikwe. Namna draiva inavyopanga foleni yake ni siri yake, iachwe. Kwenye kiolesura chenyewe pawepo ahadi, maana ya kushindwa, na iwapo kujaribu tena kuna faida, pamoja na jaribio linaloshindwa pindi maelezo yakianza kuchakaa. Draiva ya mtandao inayoshikilia data mpaka seva ikiri kuwa imetua diskini inaweza kurudia ombi bila hatari. Basi iseme hivyo.