Kikapu cha kujifungulia Mbagala: nani alipe?

Jirani yangu hapa Mbagala anauza vitumbua asubuhi. Mimba ilipofika mwezi wa saba alianza kujaza kikapu cha vifaa vya kwenda navyo kujifungua, nyuma ya mlango: leo pamba, wiki ijayo glovu, kisha wembe, kibana kitovu na kanga mbili za zamani alizozifua na kuzipiga pasi. Kilichomkawiza ni mpira wa kutandika kitandani. Kila akipata pesa ya mpira, kodi ya chumba inamsubiri. Sera ya Afya ya 2007 inasema mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 wahudumiwe bila malipo. Kikapu kile nacho ni malipo, ila hayana risiti.

Wanaosema dawa ya tatizo hili ni bima wana hoja nzito, na si haki kuwaona hawana huruma. Zahanati ya mtaa inaagiza dawa Bohari ya Dawa, ghala la dawa la serikali, na dawa hizo zinalipiwa. Wagonjwa wake wengi ndio hao hao waliosamehewa malipo. Ukisamehe bila mtu mwingine kulipa, gharama haipotei, inahamia kwenye rafu tupu, na muuguzi ndiye anayebaki na kazi ya kumwambia mama "kanunue nje". Kwa hiyo, wanasema, kila kaya ichangie, na asiye na uwezo alipiwe na mfuko uliowekwa na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023.

Kwenye rafu tupu niko pamoja nao kabisa. Tunaachana pale wanapoichukulia mimba kama ugonjwa mwingine wowote wa kukatia bima. Tuliona yaliyoipata Toto Afya Kadi, bima ya afya ya watoto. Ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ukasitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja kwa maelezo kwamba wengi walikuwa wanaandikishwa wakiwa tayari wanaumwa, mfuko ukaelemewa. Ni rahisi kuwalaumu wazazi. Lakini anayepata kipato cha kutwa hulipia kilicho mbele yake. Mjamzito naye ataitaka kadi akishajua ana mimba, wakati ambao kwa hesabu za mfuko ameshachelewa. Na akiambiwa asubiri, zinampita zile wiki 12 za mwanzo ambazo kliniki ingempima damu, mkojo, kaswende na VVU, na kumwanzishia vidonge vya kuongeza damu. Hizo wiki hazirudi.

Upande wa msamaha una cha kuonyesha. Utafiti wa afya ya uzazi wa 2022 ulikuta watoto 81 kati ya 100 wanazaliwa kwenye vituo vya afya, kutoka 63 katika utafiti wa 2015/16. Vifo vya uzazi vilikadiriwa kushuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Vituo vipya na vyumba vya upasuaji vimechangia, hilo halina ubishi, lakini wengi wa akina mama hao walifika hospitali bila kadi ya bima yoyote. Wangedaiwa mlangoni, sidhani kama wote wangefika.

Udhaifu wa msamaha ni kwamba umeandikwa bila kutajiwa mlipaji. Tangu 2017/18 pesa za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya kituo inapanga matumizi. Ni hatua nzuri sana. Shida ni ya jiji: Sensa ya 2022 iliihesabia Temeke, manispaa yetu sisi wa Mbagala, watu zaidi ya milioni 1.3, na mama wa Vikindu akishikwa na uchungu usiku haulizi mpaka wa mkoa wa Pwani uko wapi, anakuja Mbagala. Mgao uliopangwa kwa kuangalia wakazi wa eneo unamkuta kitandani mtu ambaye haukumhesabu.

Ndiyo maana naona mfano bora uko barabarani. Katika m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, simu ikipigwa 115 na ambulansi ikakosekana, dereva wa kawaida humbeba mama, na akimfikisha hulipwa na mpango wenyewe. Mama hatoi kitu. Pesa imemfuata. Kama inawezekana kwa safari, inawezekana kwa uzazi wenyewe: kila mama anayejifungua, kituo kilipwe kiwango kinachojulikana, na vifaa vya kikapu viwemo ndani. Bima iendelee kwa wengine wote.

Mwenye wasiwasi atasema vifaa vya bure vitaishia dukani. Wasiwasi wa kweli. Ila malipo yanayohesabiwa kwa kizazi kilichoandikwa kwenye rejista ni rahisi kuyakagua kuliko maboksi yaliyopelekwa kituoni kwa makadirio.

Tayari sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Jirani yangu anaweza kukopeshwa mtaji wa vitumbua. Kama mkopo unatengewa fungu, kikapu nacho kinaweza. Madiwani wa Temeke wakikaa kupitisha bajeti ijayo, waweke fungu la kikapu lenye jina lake na kiasi chake, libandikwe kwenye ubao wa kila zahanati, mahali ambapo mama anayesubiri kupimwa anaweza kulisoma.