Usimpe msaidizi ufunguo wa stoo nzima

Kumuunganisha msaidizi wa akili mnemba na hifadhidata siku hizi ni kazi ya dakika chache. Tangu Anthropic walipotoa itifaki ya MCP, yaani kanuni za kumuunganisha msaidizi na zana za nje, Novemba 2024, unaandika seva moja (programu inayosimama kati yake na hifadhidata) kwenye faili la .mcp.json, unamwasha upya msaidizi, naye anasoma majedwali yenyewe badala ya kukisia majina ya safu. Hilo halina ubishi. Kinachokera ni watu kubandika humo nywila ya mtumiaji mkuu, kisha kumwandikia msaidizi: "Usifute chochote." Ombi hilo si kufuli.

Kufuli likae ndani ya hifadhidata. Kwenye PostgreSQL, tengeneza mtumiaji mpya, mpe GRANT SELECT (ruhusa ya kusoma) kwa majedwali mawili matatu yanayohusika tu, na umwekee statement_timeout, kikomo cha muda wa kila amri, ya sekunde 5 ili ulizo zito lisikwamishe wengine. Seva inayojiita "ya kusoma tu" isikutulize. Kama inafungua muamala (kundi la amri) wa kusoma tu huku ikipokea amri kadhaa kwa mkupuo, COMMIT ikitangulia inaufunga muamala huo, na DROP inayofuata, amri ya kufuta jedwali, inapita. Tena, tumia nakala iliyoondolewa majina na namba za simu za wateja, maana kila mstari anaousoma msaidizi wa mtandaoni unasafiri hadi kwa mwenye modeli.

Ukiandika seva yako kwa Python, mchawi wa kwanza huwa print(). Seva ya stdio huzungumza na msaidizi kwa JSON-RPC, ujumbe wa muundo maalumu, kupitia stdout, njia ileile ambayo print() huandikia, kwa hiyo kaneno kako ka "imewaka" kanaharibu mazungumzo. Ujumbe wa namna hiyo upeleke stderr, njia ya makosa. Na weka LIMIT 50, ulizo lirudishe mistari 50 tu. Mistari 20,000 hujaza nafasi ya kumbukumbu ya msaidizi, akapoteza ulichomwagiza.

Lililo baya zaidi halitoi hata onyo. Mauzo ya saa 7 usiku, Machi 1, 2025, Dar es Salaam au Nairobi, kwa UTC, saa ya kimataifa ambayo huenda hifadhidata yako inaitunza, ni saa 22:00 (saa 4 usiku) ya Februari 28. Msaidizi atajumlisha kwa mwezi, SQL itakubali, na fedha za Machi zitahesabiwa Februari. Andika onyo hilo kwa COMMENT ON COLUMN, amri ya kubandika maelezo kwenye safu, na seva ilirudishe pamoja na majina ya safu. Angalia na aina ya safu: timestamptz (wakati wenye kanda ya saa) inatosheka na AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi' moja, lakini timestamp tupu (isiyo na kanda) iliyotunza UTC inataka AT TIME ZONE 'UTC' itangulie, la sivyo saa tatu zinapunguzwa badala ya kuongezwa.